Vidato vya Shomari

Bibi yangu mzaa mama, Bi Mwanaidi wa Bweni, alikuwa na kuku kumi na mmoja na mbuzi moja. Nasema mbuzi moja, si mbuzi mmoja, maana hii ilikuwa ya kukunia nazi na haikula majani. Alasiri akikaa juu yake akaanza kukuna, kwaru kwaru, kuku wote walitoka walikokuwa, chini ya uchaga, kwenye matuta ya mihogo, hata kwa jirani walikokwenda kuiba, wakaja mbio shingo mbele. Hakuwaita. Machicha yenyewe hawajayaona. Ni ile sauti tu.

Bibi alipofariki, mama yangu mdogo alikuja kusaidia mapishi ya hitima, akakaa juu ya mbuzi ile ile. Kuku wakaja mbio. Mama mdogo hakuwa mtu wa kuku, akawarushia kifuu. Siku ya pili wakaja, akawarushia kifuu. Siku ya tatu walikuja wachache. Ilipokwisha wiki alikuna nazi tatu na hakuna kuku aliyegeuza shingo, isipokuwa mmoja mwekundu, mguu wake mmoja mbovu, tuliyemwita Kiguru. Huyo alikuja kila siku, akasimama kando, akatazama. Mazishini sikulia, watu wakasema mtoto huyu ana moyo mgumu. Nililia baadaye, kwa ajili ya Kiguru. Mwisho wake ninao, ni mfupi, nitausema mahali pake.

Sasa mtasema mzee tumempa daftari siku ya kumuaga aandike kazi yake, yeye anaandika kuku. Vumilieni. Mimi niliacha shule darasa la tatu, mwalimu alipohamishwa na shule ikahama naye, kwa hiyo sijui kuanzia mbele. Nyinyi mmesoma, mna vyeti vya kidato cha nne na cha sita. Mimi sikupita kidato chochote ila vya kwenye mnazi, na hivyo ndivyo ninavyotaka kuviandika.

Niliingia kazini zahanati mwaka uliofuata ule wa bendera ya Uhuru. Kazi yangu ilikuwa kuteka maji, kuwasha jiko la mafuta, kufua bendeji na kuzikunja, na kuchemsha sindano. Sindano zenu mnatumia mara moja mnatupa. Zetu zilikuwa za kioo, na ncha zake tulizinoa juu ya jiwe kama visu vya samaki; mgonjwa aliyewahi asubuhi alipata ncha kali na aliyechelewa alijuta. Siku ya kwanza niliambiwa nichemshe vyombo vyote. Nikachemsha vyote, na themometa ndani. Ikapasuka, zebaki ikakimbia chini ya sufuria kama vijisamaki. Nilijua nimefukuzwa. Bwana Hatibu, dresa, yaani mfunga vidonda, aliyekuwa mkubwa wangu, alikuja akachungulia, akasema, "Sawa. Sasa tunajua maji yana homa." Akaenda zake kuandika kwenye kitabu kwamba chombo kimevunjika. Hakuandika nani kakivunja.

Huyo Bwana Hatibu ndiye aliyenifundisha kila nilichojua. Mtu mwembamba, kanzu safi hata siku za wiki, na alikuwa na tabia ya kukohoa kidogo kabla ya kusema jambo la maana, ili ujiweke tayari. Kabla ya kuletwa kwetu alifanya kazi miaka kadhaa bara, katika hospitali ya wagonjwa wa akili. Huko daktari mmoja mgeni aliwasomesha elimu mpya ya kurekebisha tabia za watu, akawagawia makaratasi ya stensili. Bwana Hatibu aliyahifadhi ndani ya mfuko wa unga chini ya kitanda. Mchana wagonjwa wakiisha alinisomea, akitafsiri polepole, mimi nakunja bendeji.

Kwa hiyo nilijua habari za yule Mrusi mwenye mbwa kabla sijajua Urusi iko upande gani. Mrusi huyu alikuwa akipima udenda wa mbwa. Nikamkatiza, nikamwambia Bwana, udenda wa mbwa, ule unaooshwa mara saba, moja yake kwa udongo? Akasema ule ule, na yeye aliukusanya kwenye chupa. Basi akaona jambo: mbwa hawangoji nyama. Wanadondosha udenda wakisikia tu nyayo za anayewalisha. Ndipo akaanza kuwagongea kitu kila anapowapa chakula, hata ikawa akigonga bila chakula udenda unatoka. Na akigonga siku nyingi bila kuwapa kitu, udenda unakauka.

Nikacheka. Nikamsimulia kuku wa Bweni. Akakohoa. "Yule alipewa nishani ya dunia nzima," akasema. "Bibi yako angejaliwa karatasi na kalamu, angemtangulia."

Akaendelea. Akaja Mmarekani aliyesema tuache kuchungulia moyo, moyo hauna dirisha, tutazame mtu anafanya nini. Alimchukua mtoto mchanga asiyeogopa panya mweupe, na kila mtoto akinyoosha mkono kumshika panya, wanagonga chuma kwa nyundo nyuma ya kichwa chake. Mtoto akaogopa panya, akaogopa sungura, akaogopa kila chenye manyoya meupe. Nikauliza, na baadaye walimwondolea ile hofu? Bwana Hatibu akasema makaratasi yanasema mama mtu aliondoka na mwanawe kabla. Mpaka leo mtoto yule ananisumbua kuliko Mrusi na mbwa wake wote.

Aliyenipendeza mimi ni mwanamke mmoja wa huko huko Marekani aliyekuja nyuma yao. Aliletewa mtoto anayeogopa sungura. Hakugonga chuma. Alimkalisha mtoto ale kitu kitamu, sungura akawekwa mbali ndani ya kizimba. Kesho akasogezwa hatua moja. Kesho kutwa nyingine. Mwisho mtoto anakula kwa mkono huu na kwa mkono ule anampapasa sungura. Na akaja daktari wa Afrika Kusini aliyeipanga hofu ya mtu kama ngazi, ndogo chini, kubwa juu, ukapanda nayo mwili umelegea, daraja kwa daraja. Na mwingine mwenye njiwa kwenye kasha: njiwa akigeuka kidogo anapata punje, akigeuka zaidi anapata punje, mpaka anazunguka mzima kama mcheza ngoma.

Hapo kwa njiwa Bwana Hatibu alikwama neno. Kile anachopewa njiwa kiitweje? Alijaribu malipo, akasema hapana, malipo huja mwisho wa mwezi. Alijaribu zawadi, akasema hapana, zawadi hupewa hata asiyefanya kitu. Nikamwambia, Bwana, hiyo ni tuzo. Kwenye ngoma mchezaji akipatia, unamtuza pale pale, unamfunika leso kiuno bado kinakwenda. Ukimwachia mpaka kesho, kesho anajua unamlipa deni, au unamcheka. Tuzo ya kesho si tuzo. Akachukua kalamu akaandika pembeni ya karatasi. Tangu siku hiyo tulisema tuzo, na mimi nikatembea siku nzima kifua mbele kama niliyeivumbua elimu.

Lakini alinionya pia. Alisema kule bara aliona watu wakinyimwa chakula mpaka watii, na wenye kuwanyima wanaita hiyo ndiyo elimu. "Ukimnyima mtu ubwabwa ili umtuze ubwabwa ule ule," alisema, "hujamtibu. Umemfuga."

Ilipokuja miaka ya Azimio, na kijiji chetu kikawa kijiji cha ujamaa, ndipo Shomari alipotuangukia. Nasema kuanguka kwa maana yake: Shomari alikuwa mkwezi wa minazi, kijana wa rika langu, hodari kuliko wote waliokwea upande wetu, akaanguka na kuvunjika mguu. Bwana Hatibu aliufunga kwa vibao, ukaunga vizuri. Tatizo lilikuja baada ya hapo. Shomari alikwenda kwenye mnazi, akashika shina, viganja vikatoka maji, magoti yakatetemeka, akatapika. Akarudi siku nyingine, ikawa vile vile. Mwisho ikawa nazi ikianguka mahali, puu, hata mbali, anashtuka na kujiinamia.

Nazi ndiyo ilikuwa kazi ya kijiji kile. Shomari alilima mihogo kama wengine, lakini aliyekuwa mkwezi akishika jembe watu wanamtazama. Katika mkutano Mwenyekiti wa kijiji alisimama akasema, bila kutaja jina, kwamba kuna watu wana mikono na miguu na bado wanakula jasho la wenzao, na mdudu wa namna hiyo anaitwa kupe. Wote wakageuka kumtazama Shomari. Neno kupe siku zile lilikuwa zito, mlikuwa bado hamjazaliwa. Wiki ile ile shemeji zake walikuja kumchukua mkewe, Mwanahawa, wakaenda naye kwao Kirongwe. Hawakudai talaka. Walisema siku Shomari atakapopanda mnazi, Mwanahawa atarudi.

Akaja zahanati kuomba dawa ya kuchua mguu. Bwana Hatibu akaushika, akaukunja, akaukunjua. "Mguu wako mzima," akamwambia. Shomari akajibu, "Najua, Bwana. Lakini nikisema naumwa hofu, mtanipa vidonge gani?"

Bwana Hatibu akakohoa. Akaniita.

Nyuma ya zahanati kulikuwa na mnazi mrefu wenye vidato, zile ngazi zilizochongwa kwenye shina kwa panga ili mguu upate pa kukanyaga. Nilivihesabu, ishirini na tisa. Bwana Hatibu akasema ngazi ya yule daktari wa Kusini tunayo tayari, imekwisha kuchongwa. Kazi ya kila alasiri akanipa mimi, kwa sababu mgonjwa, alisema, haoni haya mbele ya mtu anayemshinda cheo kwa ndoo ya maji tu.

Tukaanza. Kwanza Shomari analala juu ya mkeka alegeze mwili, vidole, bega, taya. Kisha anaitazama nazi iliyolala chini. Basi, kipande cha halua. Kesho naidondosha nazi kutoka urefu wa goti. Halua. Kesho kutwa kutoka kifuani. Akitetemeka tunarudi nyuma hatua moja, hakuna aibu. Wiki ya pili alishika shina. Wiki ya tatu alikanyaga kidato cha kwanza akasimama juu yake, shibiri chache kutoka ardhini, akatazama kama aliyefika juu ya mnara wa taa wa Bweni. "We Mbwana," akaniambia, "ukimwambia mtu nimepewa halua kwa kupanda urefu wa kuku, nakuchinja."

Tulipofika kidato cha nne, Ramadhani ikaandama. Hilo makaratasi ya stensili hayakulisema. Nilikwenda kwa Bwana Hatibu na sahani ya halua mkononi kama mjinga, alasiri, watu wamefunga. Alicheka mpaka akaegemea ukuta. Wazungu wote wale, akasema, mbwa, njiwa, watoto, na hakuna hata mmoja aliyekuwa amefunga. Akaniambia nitafute tuzo isiyobatilisha saumu.

Sikuwa na kitu isipokuwa mdomo. Nikamwambia Shomari, panda kidato cha nne nikupe hadithi. Akapanda, nikaanza kuku wa bibi. Nikafika pale wanapokuja mbio, nikanyamaza. Akasema, haya, wakafanyaje? Nikamwambia hilo liko kidato cha tano.

Mnajua ninavyosimulia. Vidato ishirini na tano kwangu si kitu. Kila kidato kipande kimoja, na vidato vingine vilitutwaa siku mbili tatu. Nilimtia ndani jirani aliyewapiga kuku, na mama mdogo, na hitima, na namna nilivyotahiriwa, na wapi tulipata ile mbuzi. Shomari akiwa juu, shavu limeegemea shina, alikuwa akisema, "Hadithi yako ina miguu ya jongoo." Lakini kesho yake yupo. Hakupiga hodi. Alikuja upande wa nyuma akagonga mnazi kwa ubapa wa panga, ngo, ngo, ngo, mara tatu, nami nikaacha bendeji nikatoka. Kazi nyingi nimefanya miaka ile na baadaye, nimepokea watoto waliozaliwa, nimefumba macho ya waliokufa, lakini mkiniuliza kipi ningerudishiwa, ni alasiri zile. Mpaka leo nikisikia ubapa wa panga ukigonga mnazi, nainua kichwa.

Idi ikapita, halua ikarudi. Shomari akaishukuru, akaiweka juu ya gogo, akapanda, akasema, "Haya, Kiguru akafanyaje?" Aliposhuka sisimizi walikuwa wameimaliza. Bwana Hatibu aliyaona hayo kutoka dirishani. Siku moja, mimi nimetoka mbio kwa ile ngo ngo ngo na mikono ina sabuni, alinisimamisha mlangoni. "Nani anamtuza nani hapa?" akauliza. Nilidhani anatania.

Ikabaki siku moja. Shomari alikuwa amesimama kidato cha ishirini na nane bila jasho. Kesho yake angefika kileleni akate kole zima la nazi. Nikamwambia, ukishuka na nazi, pale pale nakupa mwisho wa Kiguru. Akasema, "Pale pale?" Nikasema pale pale.

Na hapa ndipo ujinga wangu ulipokuwa, nauandika nyinyi msiurudie. Bwana Hatibu alikuwa ameniambia tangu mwanzo kwamba jambo hili ni la watu wawili na mnazi. Lakini mimi nilikuwa na neno langu, tuzo, na neno lile limezaliwa ngomani. Tuzo bila watu, niliona, ni kama mchele bila nazi. Jioni ile nilitembea hadi Kirongwe, nikawaambia shemeji zake kesho alasiri njooni na Mwanahawa, aje na leso ya kumtuza mumewe. Kurudi nikapita kwa Mwenyekiti.

Alasiri ya pili yake nyuma ya zahanati palijaa kama harusi. Mwenyekiti alikuja na wapiga ngoma wa kijiji. Waliomwita kupe wote walikuwepo, wamevaa vizuri. Bwana Hatibu alitoka, akawatazama, akanitazama. "Umeita ngoma," akasema. Nikamjibu tuzo haina raha bila watu, Bwana. Akaingia ndani akafunga dirisha.

Shomari alitokea upande wa nyuma, akawaona. Alisimama kidogo. Kisha akaja mpaka kwenye shina, akagonga mara tatu kama kawaida yake, ingawa nilikuwa nimesimama mbele yake. Akapanda. Hakusita kidato hata kimoja. Nazi zikaanza kushuka, puu, puu, na kila moja watu wakiitikia. Aliposhuka vigelegele vilipaa, Mwanahawa akamfunika leso mpya mabegani, uso wake umelowa machozi, na Mwenyekiti akavua kofia yake mwenyewe akamvisha, akasema mnaona, kupe amekuwa mkwezi. Ngoma ikapigwa.

Shomari alipenya watu akaja kwangu, anahema. Akainama sikioni.

"Haya," akasema. "Kiguru akafanyaje?"

Mwenyekiti alikuwa amenishika mkono ananivuta uwanjani nicheze, maana na mimi nilikuwa natuzwa, nilikuwa mganga siku ile. Nikasema, "Kesho, ndugu yangu. Kesho nitakwambia."

Kiguru alikwenda akaatamia chini ya mbuzi ya bibi, akaangua vifaranga saba. Ni hivyo tu. Pumzi moja ingetosha.

Shomari alinitazama, akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyeelewa. Akavua leso, akaikunja mara nne, akaiweka juu ya mkono wa Mwanahawa taratibu. Kofia ya Mwenyekiti akaitundika kwenye kidato cha kwanza. Panga akaliegemeza shinani. Akapita kando ya pipa la maji, akashika njia ya Utende, ya pwani, hakimbii, hachechemei, mguu ule umeunga vizuri kabisa. Watu walidhani anakwenda kutawadha. Mwanahawa aliketi na leso mapajani, nami nikacheza mpaka ngoma ikaisha, na Shomari hakurudi tena.